Walipiga kwa Ruhusa, Mbona Video Imenyamaza?

Dakika ya nne na sekunde kumi na mbili, sauti inakatika. Vijana bado wanatembea uwanjani, magoti yanapanda na kushuka kwa pamoja, tarumbeta zimeinuliwa kuelekea walipokaa majaji, na binti yangu yupo safu ya tatu na melofoni yake, mashavu yamejaa pumzi. Unaona kabisa kwamba wanapuliza kwa nguvu zao zote, ila huwasikii. Chini ya picha yanatokea maandishi madogo: sauti ya sehemu hii imeondolewa kwa sababu za hakimiliki. Baada ya sekunde 45 muziki unarudi, katikati ya wimbo mwingine.

Mama yangu alikuwa anatazama nasi kutoka Tanga, simu tumeiegemeza kwenye bakuli la matunda mezani. Akauliza:

"Kwani huo wimbo waliuiba?"

"Hapana, mama. Walilipia."

"Sasa kama walilipia, mbona wamezibwa mdomo?"

Jibu nilikuwa nalo. Mwaka ule nilikuwa nashika vitabu vya fedha vya kamati ya wazazi wa bendi hapa Texas, na faili la leseni lilikuwa kwenye droo yangu. Lakini halikuwa jibu la kumalizwa kwenye simu, na tangu siku hiyo wazazi wenzangu wengi, Waswahili na wasio Waswahili, wameniuliza lile lile. Basi nimeliandika.

Kwanza, kwa msomaji ambaye hajaziona bendi hizi. Pwani yetu tunayo beni, jina lililotokana na bendi: kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wakivaa sare, wanapiga gwaride kwa kuiga bendi za kijeshi, na kushindana kundi kwa kundi. Chukua picha hiyo, uihamishie kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani, uongeze vijana mia na zaidi, ngoma, bendera, mavazi na mchoro wa hatua ambao kila mmoja ameukariri. Shule za sekondari za Marekani zina bendi za namna hiyo kwa maelfu. Juu yake kuna vikosi vya vijana wasiozidi miaka 21 au 22, wanaozunguka nchi nzima majira ya joto chini ya mwavuli wa Drum Corps International, maarufu kama DCI. Fainali yao ya kwanza ilifanyika Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, na kwa miaka mingi sasa nyumbani kwao ni uwanja wa Lucas Oil, Indianapolis. Onyesho moja halifiki robo saa, lakini ndani yake kunaweza kuwa na vipande vya nyimbo sita, nane, hata kumi: kidogo cha muziki wa filamu, kidogo cha jazi, kibao cha redio, kipande cha simfoni. Ugumu wote unaanzia kwenye mchanganyiko huo.

Turudi kwenye faili langu. Leseni ya wimbo ulionyamazishwa ni ukurasa mmoja na nusu. Juu kuna jina la wimbo. Chini yake watunzi wanne, na mbele ya kila mtunzi jina la mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia haki za nyimbo zake, na asilimia anayomiliki: 50, 25, 12.5 na 12.5. Kisha aina ya ruhusa: kuupanga upya muziki kwa ajili ya bendi moja, ya shule moja, kwa msimu mmoja. Halafu sentensi ambayo niliisoma mara mbili: ruhusa hii haihusu kurekodi, kunakili wala kusambaza, kwa sauti au kwa picha. Shule ilikuwa imelipia haki ya kuupiga wimbo. Haki ya mtu kuutazama ukipigwa wiki ijayo, akiwa nyumbani kwake, haikuwa imelipiwa na yeyote.

Tunaposema "hakimiliki ya wimbo" tunaitaja kama kitu kimoja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 haiioni hivyo. Inampa mwenye kazi haki kadhaa, kila moja peke yake, na kila moja anaweza kuiuza, kuikodisha au kukaa nayo. Kuipanga upya kazi yake ni haki mojawapo. Kuipiga hadharani ni nyingine. Kuinakili ni nyingine tena. Na aliyenunua hii hajanunua ile, hata kama hela zimekwenda kwa mchapishaji yule yule.

Ya kupanga upya ndiyo mlango wa kwanza, na ndiyo walimu wanaihangaikia zaidi. Wimbo wa redio umetungwa kwa ajili ya mwimbaji, gitaa na kinanda. Lazima mtu akae chini aandike upya nani apige nini katika tarumbeta 40, tuba 12 na marimba za mbao zenye kupigwa kwa vijiti. Mpanga muziki huyo anatengeneza kazi mpya iliyotokana na kazi ya mwingine, na sheria inasema mwenye kazi ya kwanza ndiye wa kuruhusu. Anaweza kukataa bila kueleza sababu. Anaweza kutaja bei yoyote, ingawa kwa bendi ya shule mara nyingi inakuwa mamia ya dola kwa wimbo. Anaweza pia asijibu kabisa, na hiyo ndiyo inayoumiza, maana mazoezi makali huanza Agosti na vijana hawawezi kukariri onyesho lenye tundu katikati.

Kupiga hadharani ni rahisi, nalipita haraka. Kuna vyama vya kukusanya mirabaha, ASCAP iliyoanzishwa mwaka 1914 na BMI ya mwaka 1939 vikiwa vikubwa zaidi, ambavyo humuuzia mwenye ukumbi au mwandaaji leseni moja inayofunika mamilioni ya nyimbo. Sheria yenyewe pia inazisamehe shughuli nyingi za kielimu zisizo za kibiashara. Ndiyo maana Ijumaa usiku, wakati wa mapumziko ya mechi, bendi inapiga na hakuna anayekuja na barua ya wakili.

Kurekodi sauti peke yake nako kuna njia iliyonyooka kuliko watu wanavyodhani. Wimbo ukishatoka sokoni kwa idhini ya mwenyewe, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi kwa kupiga mwenyewe na kuuza nakala, mradi atoe taarifa na kulipa kiwango kilichopangwa kisheria. Hahitaji kubembeleza. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilikuwa senti 9.1 kwa nakala ya wimbo usiozidi dakika tano. Mwaka 2023 kikapanda hadi senti 12, na tangu hapo kinarekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Piga hesabu: CD 1,000 kwa senti 12 ni dola 120 kwa wimbo. Hata kamati ya wazazi inayojiendesha kwa kuuza maandazi inazimudu.

Sasa ongeza picha, na kila kitu kinabadilika.

Kiwango kile cha kisheria hakihusu video. Muziki ukiunganishwa na picha zinazotembea, unahitaji ruhusa ya kuoanisha, ile ile anayoiomba mtengenezaji wa filamu au tangazo la sabuni. Wenye nyimbo waliwahi kulipeleka suala linalofanana na hili mahakamani, na kesi yenyewe ilihusu karaoke: mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliamua kwamba diski zinazoonyesha maneno ya wimbo kwenye skrini haziwezi kujificha chini ya leseni ya senti chache. Maneno tu, yanayopita kwenye skrini, yaliitoa diski kwenye kundi la sauti. Bendi nzima inayotembea uwanjani haina pa kujitetea.

Kwa hiyo anayetaka kuuza video ya mashindano anaanza upya. Anamtafuta kila mchapishaji wa kila wimbo wa kila bendi. Wimbo wenye watunzi wanne unaweza kuwa na wachapishaji wanne, na kwa desturi ya biashara hii kila mmoja hutoa ruhusa ya sehemu yake tu. Chukua bendi yenye nyimbo sita za namna hiyo: ni makubaliano 24. Mashindano yenye bendi 25: makubaliano 600, kwa video ambayo pengine wanunuzi wake ni wazazi, mababu na mashangazi wa watoto wale wale. Tena wachapishaji wengi huweka sharti kwamba asilipwe mwenzao zaidi yao. Tisa wakikubali kiasi kidogo na wa kumi akataka mara tatu, wale tisa nao wanapandishiwa.

Na akikataa mmoja? Katika ule wimbo wetu, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye, mwenye 50 alikubali, mwenye 25 alikubali, mmoja wa wenye 12.5 alikubali. Aliyebaki hakujibu barua. Asilimia 12.5 ndiyo ilimnyamazisha binti yangu kwa sekunde 45.

Aliyerekodi angeweza kuacha sauti na kuomba Mungu? Sheria inaruhusu mahakama kumtoza mkosaji kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 ikithibitika kwamba alijua alichofanya. Mtu ambaye ameandika barua ya kuomba ruhusa na hakujibiwa hawezi kusema hakujua. Kwa hiyo anakata sauti, au anaiondoa bendi nzima kwenye orodha. Diski za DCI zenyewe zimewahi kutoka zikiwa na vipande visivyo na sauti, na mashabiki waliolipia wakabaki wanatazama bendera zikizunguka kimyakimya.

Watu huniambia: basi wapige muziki wa kale, nani atamdai marehemu? Kuna ukweli ndani yake. Kazi za zamani Marekani hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa, na zikimaliza muda zinakuwa mali ya umma. Rhapsody in Blue ya Gershwin, ya mwaka 1924, ilifunguka Januari 2020. The Planets ya Holst ni huru pia, na bendi za gwaride zimeipenda miaka nenda miaka rudi. Lakini ukale wa sikio si ukale wa sheria. Warusi wa karne ya 20, akina Shostakovich na Prokofiev, walikuwa chakula cha kila siku cha bendi hizi, kwa kuwa kazi zao nyingi zilikuwa mali ya umma Marekani kwa sababu ya mikataba ya kimataifa kutokuwepo. Mwaka 1996 Marekani ilianza kuzirudishia ulinzi kazi hizo za kigeni. Kiongozi mmoja wa okestra, Lawrence Golan, alishtaki pamoja na wenzake: tulikuwa tunapiga bure, mmetufungia. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikawakatalia. Simfoni ambayo mwalimu aliipiga bure akiwa kijana, leo anaombea ruhusa akiwa na mvi.

Halafu likaja suala la spika. DCI iliruhusu vikuza sauti mwaka 2004, na vyombo vya kielektroniki mwaka 2009. Kabla ya hapo kila kilichosikika kilitoka kwenye pumzi na mikono ya vijana. Baada yake kijana mmoja pembeni ya uwanja anaweza kubonyeza kitufe na kutoa sauti ya mwimbaji kutoka kwenye rekodi halisi, kipande cha filamu, au hotuba. Hapo unaingia umiliki wa aina ya pili kabisa: wimbo ni wa mtunzi na mchapishaji, lakini ile rekodi ni ya kampuni iliyorekodi, nayo inaombwa kivyake. Hotuba nazo zina wenyewe. Ile ya Martin Luther King ya mwaka 1963, ambayo dunia nzima inaijua, familia yake iliishtaki CBS kuhusu matumizi yake, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikasema kuihutubia hadharani mbele ya umati hakukuifanya kuwa mali ya umma. Mwalimu anayetaka sekunde tano za sauti hiyo juu ya tarumbeta zake ameongeza barua mbili au tatu kwenye faili.

Kuna kesi moja ambayo kila mwalimu wa bendi anaijua kwa jina. Kampuni ya Tresóna, inayoshughulika na leseni za muziki, ilimshtaki mwalimu wa kwaya za maonyesho za shule ya sekondari ya Burbank, California, pamoja na chama cha wazazi waliokuwa wakichangisha. Machi 2020 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa iliamua kwa upande wa mwalimu na wazazi. Kwa nyimbo tatu kati ya nne, Tresóna haikuwa hata na hadhi ya kushtaki, kwa sababu haki ilizopewa na baadhi ya wamiliki hazikuwa za kipekee. Kwa wimbo wa nne, uliotumika sekunde 20 hivi ndani ya onyesho la dakika 18, mahakama ilisema hayo ni matumizi stahiki, yaani matumizi ambayo sheria inayavumilia bila ruhusa kwa kuzingatia lengo, kiasi na athari kwa soko. Tena ikaagiza washtakiwa walipwe gharama za mawakili.

Wazazi wa bendi walifurahi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini nimesikia wazazi wakisema "mahakama imeruhusu," na hapo lazima niwazuie. Kesi ile ilihusu wanafunzi kujifunza na kuimba. Haikuhusu kampuni inayouza video kwa dola. Uamuzi wake unabana mahakama za shirikisho katika majimbo ya magharibi. Sisi wa Texas hatumo. Na Mei 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya picha alizochora Andy Warhol kutokana na picha ya mpiga picha Lynn Goldsmith, ilikaza masharti ya matumizi stahiki pale kazi mpya inapouzwa kwenye soko lile lile la kazi ya zamani. Kuitegemea Burbank ili kuuza diski ni kujitia kitanzi.

Na wale wanaopandisha video wenyewe mtandaoni wakaona hazijaguswa? YouTube ina mfumo wa Content ID tangu mwaka 2007 unaolinganisha kila video na hazina ya rekodi na melodia. Mwenye haki akipatikana anachagua: aizuie, aiache akusanye takwimu, au aweke matangazo na kuchukua mapato. Video ya shangazi inapobaki hewani ni kwa sababu mwenye wimbo ameamua hivyo kwa leo. Kesho anaweza kubadili uamuzi, na hakuna karatasi iliyosainiwa ya kumzuia.

Kinachoniuma zaidi ni hazina ya zamani. DCI ina zaidi ya miaka 50 ya maonyesho. Mikataba ya mwanzo iliandikwa watu wakifikiria santuri na televisheni, halafu kanda, halafu diski, intaneti haikuwemo. Kila njia mpya ya kutazama inadai ruhusa mpya, wakati ambapo watunzi wengine wamefariki, wachapishaji wameuziana makampuni, na wale vijana wa miaka ya 1970 wana wajukuu. Mzee anayetaka kumwonyesha mjukuu wake jinsi alivyopiga tarumbeta akiwa na miaka 20 anategemea kanda iliyochakaa.

Siwalaumu watunzi. Mtunzi anaishi kwa kazi yake, na mimi niliyekulia nchi ambayo wanamuziki wake wakubwa walikufa maskini huku nyimbo zao zikipigwa kila harusi sitasema muziki uwe bure. Ninachosema ni kwamba sekunde 45 za kimya hazikumlipa mtunzi hata senti. Sisi tungelipa. Wazazi wale wote wangelipa. Kama sheria iliweza kupanga senti 12 kwa nakala ya sauti, inaweza kupanga kiwango kwa video ya kikundi cha vijana, hata kikiwa mara kumi ya hicho, na hela zikamfikia mtunzi bila makubaliano 600. Mpaka hapo, wauzaji wa video nao waseme ukweli kabla hawajapokea fedha: bendi hii ina sehemu isiyo na sauti.

Walimu hawakukaa bure. Wengine wanaagiza muziki mpya kabisa, uliotungwa kwa ajili ya bendi yao, na haki zote, pamoja na za video, zinaandikwa kwenye mkataba siku ya kwanza. Wengine wanauliza ruhusa ya video kabla hata ya kumruhusu mpanga muziki aguse kalamu; ikikosekana, wimbo unaachwa. Inapunguza uchaguzi, ni kweli. Vibao ambavyo vijana wanavipenda ndivyo vyenye watunzi sita au saba, na ndivyo vya kwanza kuachwa.

Kwenye jedwali la leseni za msimu huu nimeongeza safu moja upande wa kulia, kichwa chake "video". Nyimbo tano kati ya sita zimeshajazwa ndiyo. Wa sita una mchapishaji mmoja mwenye asilimia 8 ambaye bado hajajibu, na kambi ya mazoezi inaanza baada ya wiki tatu. Mpanga muziki wetu ameshatunga kipande chake mwenyewe cha urefu ule ule, ufunguo ule ule, hatua zile zile, akakiweka pembeni. Binti yangu ameomba nakala ya vyote viwili, na anavifanyia mazoezi chumbani kwake mlango umefungwa, kimoja baada ya kingine.